Kuagiza vifaranga wa siku moja kwa simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuanza na vifaranga 50 au 100 nyuma ya nyumba, anaishi mbali na kituo cha kutotoleshea, na ameshapata namba ya muuzaji kwenye WhatsApp au Facebook. Atatuma pesa, boksi litapakiwa kwenye basi, naye atalisubiri stendi. Mamia ya kaya Tanzania na Kenya hufanya hivyo kila wiki na wengi hufanikiwa. Wanaopata hasara karibu wote hulilaumu basi. Kwa tunavyoona sisi, basi hubebeshwa lawama za pande mbili zinazolizunguka: kule vifaranga walikototolewa, na kule walikopokelewa. Majibu mengi hapa chini yanahusu pande hizo mbili.

Ni kweli kifaranga anaweza kusafiri siku nzima bila kula wala kunywa?

Ni kweli. Muda mfupi kabla ya kuvunja ganda, kifaranga huvuta kiini kilichobaki ndani ya yai na kukiingiza tumboni kupitia kitovu. Kiini hicho ndicho chakula na maji yake ya siku za mwanzo, na ndicho kinachomwezesha kuishi hadi saa 72 bila kutiwa kitu mdomoni. Kwa kuku anayelalia mayai, muda huo ndio unaowawezesha waliotangulia kuanguliwa kumsubiri mama mpaka wenzao wote watoke.

Wamarekani wameitegemea sifa hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Posta yao imebeba vifaranga tangu 1918, na kanuni yake inataka wafike ndani ya saa 72 tangu kutotolewa. Huduma ikikwama, matokeo huwa mabaya sana: mwaka 2025 vifaranga wapatao 12,000 waliachwa ndani ya lori la posta huko Delaware kwa siku kama tatu, na maelfu wakafa.

Tatizo ni namna watu wanavyoihesabu saa 72. Huanza kifaranga anapotoka kwenye ganda, si basi linapotoka stendi. Na mayai ya mashine moja hayaanguliwi yote kwa wakati mmoja. Wa kwanza na wa mwisho wanaweza kupishana siku nzima. Kwa hiyo boksi linapofungwa, baadhi ya vifaranga wako tayari wana siku moja ya njaa. Ongeza muda wa kuwachambua, kuwachanja, kuwahesabu na kuwapeleka stendi. Kisha ongeza safari: Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Kifaranga atafika hai, ndiyo, lakini atafika amekauka, na kifaranga aliyekauka mara nyingi hafi siku hiyo. Anakufa siku ya tatu au ya nne, ndani ya bruda yako, yaani sehemu yenye joto unayowalelea, ukidhani ni ugonjwa.

Sisi hushauri safari isizidi saa 24 tangu kutoka kituoni. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, soma jibu la swali la mbadala huko chini.

Muuzaji anasema ana vifaranga "wa siku moja" kila siku ya wiki. Inawezekana?

Yai la kuku hukaa siku 21 hadi kuanguliwa, na vituo vingi hutotoa kwa siku maalumu, mara nyingi mbili kwa wiki. Muulize: "Mnatotoa siku gani?" Mtu wa kituo atakujibu papo hapo. Anayejibu "wapo tu muda wote" huenda ni dalali anayekusanya waliobaki, au anao vifaranga wa siku tatu, nne, ambao hawakupata mteja. Weka oda mapema, ulize siku ya kutotolewa, na uombe watumwe siku hiyohiyo.

Wakae wapi ndani ya basi?

Boksi la kawaida la vifaranga 100 lina matundu pembeni na juu, na ndani limegawanywa vyumba vinne vya vifaranga 25. Ule ugawaji una kazi yake. Vifaranga wakiyumbishwa kwenye kona hurundikana upande mmoja, na walio chini hukosa hewa; ukuta wa katikati huzuia wote 100 wasirundikane pamoja. Usikubali watumwe kwenye boksi la sabuni lililotobolewa kwa kisu, hata kama safari ni fupi.

Watu wengi huhofia baridi. Ndani ya boksi lililojaa, hatari kubwa ni joto na ukosefu wa hewa, kwa sababu vifaranga 100 hupashana joto wao kwa wao. Buti la pembeni linafungwa, linapokea joto la injini na vumbi la njiani, na utingo akipanga magunia ya viazi mbele ya boksi, matundu yote yanazibwa. Juu ya keria nako kuna upepo mkali na mvua. Mahali pazuri ni ndani, karibu na kondakta au nyuma penye nafasi, boksi likiwa limelazwa sawasawa na halijafunikwa na khanga wala turubai. Kondakta atataka nauli ya ziada. Ilipe. Basi la usiku ni bora kuliko la mchana kwa mikoa ya joto kama Tanga, Morogoro, Dodoma au pwani ya Kenya.

Kabla basi halijaondoka, uwe na vitu vitatu kwenye simu yako: namba ya gari, namba ya kondakta mwenyewe (si ya ofisi tu), na picha ya boksi likiwa mahali lilipowekwa. Uwe stendi kabla ya basi kufika. Boksi likishushwa juani na kuachwa kwenye ofisi ya mizigo kwa saa mbili, safari nzima iliyokwenda vizuri imeharibika hapo.

Nitamtambuaje tapeli?

Bei iliyo chini sana kuliko ya wengine, "ofa ya leo tu", picha za vifaranga zilezile unazoziona kwenye kurasa nyingine tatu, na jina linalotokea unapotuma pesa kuwa tofauti kabisa na jina la biashara. Mojawapo tu ya hayo inatosha kukufanya usimame. Omba simu ya video akiwa kituoni, siku ya kutotoa. Mwenye kituo ana shughuli nyingi lakini atakuonyesha. Tapeli atakuwa na sababu.

Vituo vikubwa hutaka malipo kamili kabla, na hilo si kosa. Basi lipia kwenye namba ya biashara, ile ya lipa namba au ya tili, inayoonyesha jina lililosajiliwa, na udai risiti yenye idadi, aina, tarehe ya kutotolewa na chanjo walizopata. Namba ya mtu binafsi haikupi pa kudai.

Njia tunayoipendelea kuliko zote ni ya wakala. Vituo vingi vina mawakala mikoani, mara nyingi duka la dawa na vyakula vya mifugo. Unaweka oda dukani, vifaranga wanaletwa kwa gari la kituo pamoja na wa wateja wengine, na unawahesabu mbele ya mtu unayemjua na ambaye kesho utamkuta palepale.

Niliagiza kuku wa mayai nikaletewa majogoo matupu. Inakuwaje?

Hili linaumiza sana, kwa sababu unaligundua baada ya kulisha miezi. Lakini kwa aina nyingi za kuku wa mayai wa kahawia unaweza kuligundua siku ya kwanza. Isa Brown, Lohmann Brown na Hy-Line Brown wametengenezwa ili jinsia ionekane kwa rangi: jike anaanguliwa akiwa kahawia, dume akiwa wa njano au mweupe. Vituo huchambua kwa rangi, majike yanauzwa kwa wafugaji wa mayai, na madume hubaki na kuuzwa kwa bei ya chini. Yule anayetangaza "vifaranga wa mayai bei poa" anaweza kuwa anauza madume hao. Fungua boksi stendi: ukiona njano tupu wakati uliagiza mitetea ya kahawia, usiondoke na boksi hilo. Piga picha, piga simu hapohapo.

Tahadhari moja: ukiagiza aina ya kuku weupe wa mayai, vifaranga wote ni wa njano na rangi haikusaidii. Hapo unategemea uchambuzi wa kituo.

Kwa chotara kama Kuroiler na Sasso, kwa kawaida vifaranga huuzwa mchanganyiko bila kuchambuliwa, kwa hiyo tegemea nusu iwe majogoo. Hilo si udanganyifu. Panga tu matumizi yako ukijua.

"Kuroiler halisi" na "Kuroiler" tofauti yake nini?

Kuroiler ni mseto uliotengenezwa India, na Sasso ni wa Ufaransa. Kifaranga halisi hutoka kwa kuku wazazi wa mistari tofauti, waliochaguliwa na kupandishwa kwa mpango. Ukimchukua Kuroiler wa jirani, ukampandisha kwa Kuroiler mwingine na kutotolesha mayai yao, vifaranga watakuwa na rangi zilezile nzuri lakini hawatakua sawa: wengine wazito, wengine wadogo kama wa kienyeji, na utagaji utashuka. Mashine ndogo za mayai mia moja au mia mbili zimeenea mitaani, na wenye mashine hizo hununua mayai popote. Kuku wa namna hiyo si wabaya kwa mboga ya nyumbani. Ubaya ni kulipa bei ya Kuroiler halisi. Muulize muuzaji: "Kuku wazazi wako wapi, na walitoka wapi?" Ukitaka damu ya kienyeji iliyoboreshwa, Kenya ipo ya KALRO, taasisi ya utafiti ya serikali, inayozalishwa Naivasha.

Vifaranga wanaweza kuja na ugonjwa tangu kwenye yai?

Ndiyo, na hapa ndipo tungependa kila mnunuzi aweke macho yake. Kuhara kweupe na homa ya matumbo ya kuku, magonjwa yanayotokana na bakteria wa kundi la salmonela, hupita kutoka kwa kuku mama kwenda kwenye yai, na kutoka kwenye yai kwenda kwa kifaranga. Vivyo hivyo maikoplazima, yanayoleta mafua sugu yasiyoisha. Kifaranga mmoja aliyeambukizwa akianguliwa, anawaambukiza wenzake kwenye mashine na ndani ya boksi kwa vumbi la manyoya na kinyesi. Ukipokea boksi, wanaonekana wazima. Kuanzia siku ya pili hadi wiki ya pili unaona wanajikunyata, mabawa yameshuka, wanalia kwa sauti nyembamba, na choo cheupe kimekauka na kuziba sehemu ya haja.

Hakuna usafi wa bruda yako utakaofuta kilichotoka kwa mama. Kinga yake ni kuku wazazi kupimwa damu na walioambukizwa kuondolewa. Kituo kinachofanya hivyo hujivunia kukueleza. Kisichofanya hubadilisha mada.

Kuna pia ugonjwa wa kitovu. Huu haurithiwi, unatokana na mayai machafu au mashine chafu, vijidudu wakaingia kabla kitovu hakijafunga. Tumbo linavimba, kitovu kinakuwa chekundu na chenye unyevu, na kiini cha ndani kinaoza. Unaweza kuutambua stendi kwa kumgeuza kifaranga na kutazama.

Wauzaji wengine hukupa na kifuko cha antibayotiki "ya kuanzia". Usiwape vifaranga wazima kwa mazoea. Inaweza kuficha dalili kwa siku kadhaa, ugonjwa ukabaki ndani ya kundi, na dawa ikazoeleka kwa vijidudu.

Wanasema wamechanjwa. Chanjo gani?

Usikubali neno "wamechanjwa" bila jina. Chanjo moja lazima itolewe kituoni siku ya kwanza: ya mahepe (Marek's), ugonjwa wa kirusi unaopoozesha kuku. Hudungwa chini ya ngozi ya shingo, na hufanya kazi ikimtangulia kirusi, kwa hiyo haina maana kuja kuitafuta baada ya mwezi. Chupa yake huwa ya dozi nyingi, kwa kawaida elfu, na ikishachanganywa inapaswa kuisha ndani ya muda mfupi, kiasi cha saa moja au mbili. Mwenye mashine ya mayai mia mtaani ni nadra aifanye. Kuku wasiochanjwa hukua vizuri mpaka wiki ya nane au miezi mitatu, minne, kisha mmoja mmoja wanaanza kulemaa, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma. Hakuna tiba. Kwa kuku wa nyama wanaochinjwa mapema si tatizo kubwa. Kwa wa mayai na chotara inaweza kuwa hasara kubwa sana.

Zilizobaki ni juu yako. Ratiba inayotumika sana ni kideri (Newcastle) siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, na ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Afisa mifugo wako anaweza kuibadili kidogo kulingana na eneo. Kwa kideri, Tanzania kuna chanjo ya I-2 inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Inavumilia joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kenya, KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, hutengeneza chanjo ya kideri iitwayo AVIVAX.

Chanjo za kwenye maji huuawa na dawa ya klorini ya maji ya bomba. Tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi, na yaishe ndani ya saa mbili. Na kwa kuwa chupa huwa na dozi nyingi kuliko kuku wako, patana na majirani mchanje siku moja. Mtaa mzima ukichanjwa, kuku wako wako salama zaidi.

Naweza kuwachanganya na kuku nilionao?

Hapana, si kabla ya wiki nne hadi sita, na ikiwezekana usiwachanganye mpaka wamemaliza chanjo. Hatari ni ya pande zote mbili: wageni wanaweza kuleta ugonjwa, na kuku wako wakubwa wanaweza kubeba vijidudu visivyowadhuru wao vikawamaliza vifaranga. Banda liwe mbali, ndala zako za bandani ziwe tofauti, na kila asubuhi wahudumie vifaranga kwanza ndipo uende kwa wakubwa. Boksi lililowaleta lichome siku hiyohiyo. Wakikuletea kwenye kreti la plastiki linalorudi kituoni, hamisha vifaranga nje ya uzio na kreti lisiingie bandani. Halijulikani lilikuwa kwa nani jana.

Nina mtu Namanga anasema atanivushia kutoka Kenya kwa bei nafuu.

Kataa. Vifaranga wanaovushwa bila kibali cha mamlaka za mifugo hutaifishwa na kuteketezwa. Oktoba 2017, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya, na picha zake watu wengi wanazikumbuka. Iliumiza sana kuona, lakini hofu ya mafua ya ndege haikuwa ya kubuni: Januari mwaka huohuo ugonjwa huo ulithibitishwa Uganda. Zanzibar nayo ina mamlaka yake ya mifugo, kwa hiyo hata boksi la kutoka Dar kwa boti linahitaji uulize kibali kwanza. Kwa safari za ndani, afisa mifugo wa kata au wa kaunti ndogo atakueleza unachohitaji kwa eneo lako.

Kuna hatari kwa watu wa nyumbani?

Zipo mbili, na zote mbili huchukuliwa kirahisi mno.

Ya kwanza ni salmonela. Kifaranga mzima kabisa anaweza kuibeba kwenye kinyesi na manyoya. Marekani, mwaka 2020 pekee, watu 1,722 walithibitishwa kuugua salmonela iliyohusishwa na kuku wa nyumbani, na walioathirika walikuwa na watoto wadogo wengi. Bruda isiwe jikoni. Mtoto akishika kifaranga anawe mikono kwa sabuni, asimbusu wala kumweka usoni. Vyombo vya maji vya vifaranga visioshwe kwenye beseni la vyombo vya kulia.

Ya pili inaua haraka zaidi: jiko la mkaa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu huwaweka vifaranga chumbani kwa usalama, wanawasha jiko, wanafunga dirisha na kulala nao. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Bruda ya mkaa iwe kwenye banda au stoo isiyolala mtu, yenye upenyo wa hewa juu, na mkaa ushike moto vizuri nje kabla ya kuingizwa. Vifaranga nao hufa kwa hewa hiyo. Utawakuta asubuhi wamelala kimya, na utasema ni kideri.

Boksi limefika. Nianzie wapi?

Uanzie jana yake. Bruda iwashwe angalau saa 24 kabla, ili maranda ya chini nayo yapate joto. Kifaranga anayesimama kwenye maranda ya baridi anapoteza joto kwa miguu hata kama taa inawaka juu yake. Wiki ya kwanza lenga nyuzi 32 hadi 35 kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi ni joto, wote wakijibana upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa na kulia kidogokidogo, uko sawa.

Ukiwa bado stendi, fungua kifuniko na uchukue kama kumi kutoka vyumba vyote vinne. Kitovu kiwe kimefungwa na kikavu. Miguu iwe imejaa na inang'aa. Ikiwa imesinyaa na mishipa inaonekana, wamekauka. Mweke chali: mzima anajigeuza mara moja. Macho yawe wazi, sehemu ya haja iwe safi. Rekodi video ya ufunguzi huo, wafu wakihesabiwa. Wauzaji wengi hutoa vifaranga wawili wa ziada kwa kila 100 na kuhesabu kuwa wamemaliza fidia ya njiani, kwa hiyo kubalianeni kabla ya malipo: wakifa wangapi, analipa nani. Bila video ya stendi, huna madai.

Nyumbani, maji kwanza. Yawe ya uvuguvugu, yenye glukosi kidogo kwa saa chache za mwanzo. Chukua wachache uwachovye ncha ya mdomo kwenye maji, wenzao huiga. Saa moja au mbili baadaye tandaza chakula cha vifaranga juu ya karatasi ngumu. Gazeti laini huwateleza na miguu ikaachana, kwa hiyo mfuko wa chakula uliochanwa au boksi la kahawia ni bora.

Kisha kipimo ambacho wengi hawakijui na hakina gharama. Usiku wa kwanza, muda wa saa kama nane ukiwa umepita tangu uwaachie chakula, washike baadhi na uguse gole, ile sehemu chini ya shingo, upande wa kulia. Likiwa limejaa na laini kama uji, kifaranga amekula na kunywa. Likiwa gumu, na unahisi chenga za chakula, amekula lakini hajanywa: ongeza vyombo vya maji na uvisogeze. Likiwa tupu, hajaona chochote, na huyo ndiye atakayekufa siku ya nne. Mkamate, mnyweshe. Wengi wakiwa hivyo, tatizo ni joto au mwanga. Kifaranga aliyepoa haondoki chini ya taa kwenda kutafuta chakula.

Wakifa wangapi ndiyo kawaida?

Mashamba makubwa hulenga chini ya 1% wiki ya kwanza. Kwa vifaranga 100 waliosafiri, wawili watatu hatutashtuka. Watano kuendelea, kuna jambo la kutafuta.

Kuna mbadala wa vifaranga wa siku moja?

Upo, na kwa anayeanza tunaupendekeza kuliko kuagiza mbali. Nunua wa mwezi mmoja waliomaliza joto na chanjo za mwanzo. Bei ni kubwa zaidi, lakini mwingine amekwisha kuvuka wiki nne za hatari kwa niaba yako, na utakuwa umewaona wakitembea na kula kabla ya kulipa.

Njia ya pili ni kuku wa kienyeji anayelalia. Mwekee mayai 10 hadi 15 yaliyorutubishwa, ya chotara ukipenda, naye atafanya kazi ya mashine, taa na mlinzi. Unaweza hata kumpa vifaranga wa kununua: akiwa amelalia kwa wiki kadhaa, waingize chini yake usiku, gizani, siku wanapofika, na utoe mayai. Asubuhi wengi huwakubali kama wao. Kaa karibu alfajiri hiyo ya kwanza, kwa sababu wapo wanaokataa na kuwadonoa. Mama mmoja anamudu kama 12. Msimu wa baridi mpe pungufu.

Ukishikilia wa siku moja, anza na 50. Ni idadi unayoweza kuishika mmoja mmoja ukapima magole.

Wanakufa na sijui sababu. Nifanye nini?

Usiwazike wote, wala usiwatupe jalalani ambako kuku wa jirani watawadonoa. Chukua wawili watatu waliokufa karibuni, na kama yupo anayeumwa mchukue pia. Wafu wafungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, waingizwe kwenye chombo chenye barafu bila kugandishwa, na wafike maabara siku hiyohiyo au kesho yake. Kifaranga aliyeoza hasomeki. Tanzania, TVLA ina maabara Temeke, Dar es Salaam, na vituo vya kanda vikiwemo Arusha, Mwanza, Iringa, Dodoma, Tabora na Mtwara. Kenya ipo maabara kuu ya mifugo Kabete, na za kanda kama Mariakani, Nakuru, Karatina na Eldoret. Nenda na risiti, tarehe ya kutotolewa, orodha ya chanjo na idadi ya waliokufa kila siku. Majibu yakionyesha ugonjwa unaotoka kwa kuku wazazi, mpelekee nakala muuzaji na nyingine afisa mifugo wako, kwa sababu boksi lako halikuwa peke yake siku ile. Wapo wengine waliopokea vifaranga wa mashine hiyohiyo.